Waulize Majina, Usiwaulize Idadi

Nyinyi mnaoanza kazi hii ya kuingia plot kwa plot mkichukua damu za watu na habari za jamaa zao, mmeniomba niwaandikie vile sisi tuliifanya. Naandika kwa mkono, polepole, maana shule niliachia darasa la nne. Binti yangu Njoki ndiye atachapa. Nimemkataza kunirekebishia maneno. Akifanya hivyo mtajua, kwa sababu yeye huandika kama wakili.

Kazi ilinikuta Riruta nikiuza uji nje ya kliniki. Daktari Shamim alikuwa anakuja kuunywa akiwa amesimama, kikombe mkono mmoja, simu mkono mwingine. Huyu ni mwanamke wa Parklands, amezaliwa huko na baba yake amezaliwa huko, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Aliona vile ninavyosalimia wapita njia: Otieno fundi viatu, vipi mguu wa mama yako Peres? Nekesa, hao mapacha wako Mukhwana na Mulongo wamepona kikohozi? Siku moja akaniuliza, "Mama Njoki, hawa wote unawajua?" Nikamwambia sio kujua, ni kukosa kusahau. Jina likiniingia halitoki. Nimezeeka, magoti yamekataa ngazi, lakini majina bado yako.

Akasema, "Basi acha uji, uje tufanye kazi."

Nikamwambia uji siachi. Tukakubaliana asubuhi uji, mchana kazi.

Kile daktari alitaka kujua ni hiki: sifa za mwili zinatokaje kwa mzazi zikaenda kwa mtoto, na kwa nini sifa fulani imejaa kwa watu waliotoka sehemu moja na kwa wengine ni nadra. Riruta ilimfaa sana. Kwa plot moja ya vyumba vya mabati unapata mtu wa Murang'a, wa Butere, wa Siaya, wa Machakos, na wote wanaanika nguo kwa kamba moja.

Tulianza na mambo mepesi. Tuliangalia nani anaweza kukunja ulimi na nani hawezi. Tulikuwa na vikaratasi vya kuonja ambavyo kwa mtu mmoja ni vichungu kabisa, na kwa mwingine ni karatasi tu. Mzee Kimotho mwenye bucha aliweka chake kwa ulimi, akatafuna, akasema, "Mnanilisha karatasi?" Mke wake Wairimu alikuwa ametema chake mpaka nje ya mlango. "Ngai! Hii ni mwarobaini!" Kimotho akamwangalia mama huyo kana kwamba ndiyo mara ya kwanza wanakutana. "Kumbe. Miaka yote nikileta mboga ya managu anasema ni chungu, mimi nikidhani ananidharau." Daktari akamwambia, "Hakukudharau, mzee. Ulimi wake si ulimi wako."

Damu ndiyo ilikuwa ngumu. Tulienda kwa wachinjaji wa Dagoretti, watu wenye gambuti za mpira zilizopakaa damu mpaka juu, na hao ndio walitukimbia zaidi. Kulikuwa na mmoja akiitwa Kamande, mabega kama mlango. Aliangalia kasindano kangu akarudi nyuma. "Shosho, hapana. Hiyo kitu yako ni ndogo sana, inanitisha." Wenzake wakamcheka: "Kamande, unabeba ng'ombe mzima na unaogopa mwiba!" Alikubali, akafunga macho, akadungwa, akakaa chini kwenye saruji iliyolowa. Tukamngojea mpaka akainuka. Msimcheke mtu kama huyo. Wenzake watamcheka vya kutosha, kazi yenu ni kumshikia mkono.

Na kudunga kwenyewe, sikieni. Mkono wa mtu ukiwa baridi damu haitoki, kwa hivyo mpe kikombe cha chai ashike kwanza. Dunga kando ya kidole, si katikati ya ncha, kwa sababu katikati ndiko anashikia jembe, sindano ya nguo na simu. Tone la kwanza lipanguse, la pili ndilo la kuweka kwenye kadi. Kisha mwonyeshe hiyo kadi. Aone kwamba ni tone tu, si chupa. Mtaani walikuwa wanasema tunauza damu, na hilo huwezi kulijibu kwa mdomo. Na msibebe mkoba mweusi, watasema ndimo chupa za damu zinafichwa.

Sasa nije kwa jambo lenyewe.

Kuna ugonjwa vitabuni unaitwa selimundu, mtaani tunasema sikoseli. Daktari Shamim alitufundisha kwa maharagwe mezani. Alituambia kila mtu, kwa jambo hili la damu, anatembea na mbegu mbili mfukoni, moja ya baba, moja ya mama. Akizaa anampa mtoto moja tu, na hachagui, ni kama kuingiza mkono mfukoni gizani. Harage jeupe ndiyo mbegu nzuri, njahi nyeusi ndiyo yenye kasoro. Ukiwa na jeupe moja na njahi moja wewe ni mzima, utazeeka ufe bila kujua. Lakini ukipewa njahi na baba, ukapewa njahi na mama, damu yako haikai mviringo. Inapinda kama mundu, inakwama kwenye mishipa midogo, maungo yanawaka moto, macho yanakuwa manjano, damu inaisha mwilini. Na kila mimba mkono unaingia mfukoni upya. Inaweza kumkosa wa kwanza na wa pili, ikampata wa tatu.

Mzee Gitau, mwenye plot nyingi pale Riruta, alisikia hayo akasema, "Si hiyo ni shida ya watu wa ziwa? Sisi hatuna." Daktari akamjibu kwa upole. Akamweleza kwamba mtu mwenye njahi moja malaria haimwui upesi, na mahali penye mbu wengi watu hao ndio walipona wakazaa, wakawaachia watoto. Wazee wa Gitau walikaa juu kwenye baridi ambako mbu hakuwafuata. "Wangekaa kando ya ziwa, mzee, ingekuwa kwako pia." Gitau akafikiri, akasema, "Hiyo sijawahi kuambiwa." Mkumbuke hilo mkiwa huko nje. Siku mtu atatumia kazi yenu kumtukania jirani yake kabila, mjue kazi imeharibika.

Karatasi zetu za kwanza zilikuwa na swali, "Umezaa watoto wangapi?" Tuliuliza hivyo plot baada ya plot. Wengine wakatujibu, "Mungu ndiye anajua." Wengine, "Ni hao unaona." Wale waliotaja idadi walitaja walio hai. Michoro yetu ya ukoo ikaenda maabara ya daktari kule Parklands ikionyesha jamaa ambazo hakuna mtoto aliyewahi kufa. Daktari alikuwa anashika kichwa. Ugonjwa uko kliniki, anauona kila wiki, lakini kwa habari za mabibi na mababu hauko.

Aliyetuokoa ni Mama Auma, mkunga aliyestaafu wa Kawangware, ambaye tulifanya naye kazi mpaka macho yake yakazima. Alimwambia, "Daktari, unamwambia mtu ahesabu watoto? Kwetu mtoto hahesabiwi kama kuku. Ukimhesabu ni kama umemwonyesha kifo kwa kidole." Nikamwambia hata sisi Wakikuyu wazee wetu walikataa hivyo hivyo. Mama Auma akaendelea: "Na yule aliyekufa mchanga hatajwi, ili anayekuja akae."

Ndiye alinifundisha vile nawafundisha. Idadi usiulize. Muulize mama alipoolewa aliingia nyumba gani. Akikuonyesha hiyo nyumba, jiko lilikuwa wapi, mlango uliangalia wapi, muulize ni nani alizaliwa hapo. Kisha muulize walihamia wapi. Tembea naye nyumba kwa nyumba. Weka kalamu chini, wa kuandika awe mwenzako. Akitaja jina, lirudie, basi. Usikimbilie kusema pole, pole ikija mapema inafunga mdomo.

Sasa niwaambie juu ya Everlyne. Yeye na watu wake wa nyumbani wameniruhusu niwataje wote, na nimewasomea haya kabla hamjayasoma.

Everlyne alikuwa anaishi kwenye plot moja ya Gitau na mume wake Wycliffe, fundi wa kuchomelea mageti pale Naivasha Road. Yeye alikuwa akifua na kupiga pasi kwenye magorofa ya Parklands. Mtoto wao Trevor alikuwa na sikoseli. Kliniki tulimjua, na baridi ya Julai ilikuwa ikifika tunaanza kumngojea, kwa sababu baridi ndiyo huamsha yale maumivu. Julai hiyo alilazwa. Mama Wycliffe, jina lake mwenyewe Rasoa, akatoka Butere kuja kumwona mjukuu. Mtoto aliporuhusiwa kwenda nyumbani, nyanya hakurudi Butere.

Everlyne alikuja kwangu kwa uji, na uji hakunywa.

"Mama Njoki, mama anasema nirudi kwetu Jumamosi. Mimi na mtoto wangu. Ati damu yangu ni mbaya, nitawajazia makaburi kwa boma. Ati Wycliffe ataoa msichana mzima."

"Na Wycliffe anasema nini?"

"Anaangalia chini."

Hapo ndipo kazi hii inauma. Mwezi mmoja kabla, Wycliffe alikuwa amepimwa. Majibu alipewa na daktari wakiwa wawili, mlango umefungwa, kama inavyotakiwa. Lakini alipotoka alikuja akasimama kando ya sufuria yangu akaniambia, "Mama Njoki, hata mimi niko nayo. Ile nusu, njahi moja. Usiambie mtu." Kwa hivyo nilikuwa najua. Neno moja kutoka kwangu lingetosha. Lakini damu ya mtu ni yake, na majibu ni yake, hata akiwa amekaa kimya huku mke wake anafungishwa virago. Mkianza kusema ya watu kwa sababu mmeona huruma, mwaka ujao hakuna mtu atawapa kidole. Nilimwambia Everlyne tu kwamba Jumamosi nitakuwa hapo.

Mama Wycliffe mwenyewe ndiye alikuwa ametuita Jumamosi hiyo. Daktari alikuwa anahitaji damu za mabibi na mababu, na yeye aliposikia alisema, "Kujeni. Mnipime, muone kwetu ni safi, muandike."

Tulienda mimi na Moraa, msichana wa maabara, mwenye mkono mwepesi kuliko wote niliowahi kuona wakidunga. Ilikuwa chumba kimoja na pazia katikati. Trevor alikuwa kitandani ndani ya jaketi ya baba yake, mikono imeingia kwa mikono ya jaketi mpaka huioni. Wycliffe alikuwa amekalia mtungi wa maji karibu na mlango. Kando yake mfuko mkubwa wa nailoni ulikuwa umejaa, zipu imefungwa. Everlyne alikuwa amesimama, leso kichwani, viatu miguuni, kama mtu anayengojea kuitwa.

Moraa alisoma yale tunasoma kila mahali: unaweza kukataa, unaweza kuacha katikati, majibu utaambiwa peke yako. Mama Wycliffe akamkatiza. "Niambieni mbele ya hawa wote. Mimi sina kitu naficha."

"Kidole baadaye, mama," nikamwambia. "Kwanza tuongee. Ulipoolewa, uliingia nyumba gani?"

"Nyumba gani? Si kwa mama mkwe. Nililala jikoni kwake. Moshi kila mahali."

"Mlango uliangalia wapi?"

"Kwa mto." Akacheka kidogo. "Mwanamke alikuwa mkali huyo! Ukipika ugali ukajaa maji, anamwita mbwa kwa jina anampa huku unaona."

Nami nikacheka, maana wangu pia alikuwa wa aina hiyo. "Na hapo jikoni kwake, ni nani alizaliwa?"

Akaniangalia. Wycliffe akainua macho, nafikiri kwa sababu alijijua kuwa yeye ndiye kifungua mimba, na hakuzaliwa jikoni kwa nyanya yake.

"Peter," akasema.

"Peter."

"Peter alikuwa mtoto wa kulia. Alilia mpaka watu wa ng'ambo ya mto walijua. Vidole vilimfura hivi, vya mikono na vya miguu, huwezi kumgusa. Tukamkanda na majani. Alikuwa ameanza kutambaa."

Sikusema pole. Nikauliza walihamia wapi. Akasema baba yake Wycliffe alijenga nyumba yake upande wa juu, penye mwembe wa jirani, na hapo akazaliwa Nanjala.

"Nanjala."

"Huyo alikaa. Mpaka akajua kuchota maji na kibuyu. Lakini alikuwa anavaa sweta juani. Jua kali, mtoto na sweta, analia mguu. Macho yake..." Alikuwa anamwangalia Trevor. Trevor naye alikuwa anamwangalia, na yale macho yake, nyinyi mmeshayaona kwa wenye ugonjwa huu, rangi ile ya maji ya chai ya jana.

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo kwenye saruji.

"Yalikuwa hivyo," akasema.

"Walikuambia ni nini?"

"Mama mkwe alisema ni mimi. Alisimama mlangoni akasema naleta watoto wa kuzika, nirudi kwetu, mwanawe aoe."

"Na Baba Wycliffe alisema nini?"

"Alisema nini? Aliangalia chini."

Everlyne aligeuza uso ukutani. Moraa alikuwa ameacha kuandika.

"Halafu huyu akazaliwa," Mama Wycliffe akasema, akimwonyesha Wycliffe kwa kidevu. "Huyu akakaa. Hakuugua hata homa. Ndiyo nikaachwa kwa boma. Baada yake kulikuwa na mwingine, wa kike. Hakuchelewa."

"Anaitwa nani, mama?" Moraa akauliza polepole. Kalamu ilikuwa mkononi, na kwenye mchoro alikuwa ameacha nafasi.

"Hakufikisha kupewa jina."

"Niandike nini hapo?"

Mama Wycliffe akafikiria. "Andika alikuwa wangu."

Moraa akaandika hivyo, ingawa fomu haina mahali pa maneno kama hayo. Daktari Shamim alipouona ule mchoro hakuufuta.

Mle chumbani Wycliffe ndiye aliyefuata kusema, bila kusimama. "Mama. Mimi nilipimwa mwezi jana. Niko na hiyo kitu. Mama Trevor ako na nusu na mimi niko na nusu. Sio yeye peke yake. Ni sisi wawili."

"Mwezi jana?"

"Ndio, mama."

"Na umekaa hapo, mimi namtukana mke wako kila siku asubuhi, wewe unakunywa chai?"

"Ndio, mama."

"Kama baba yako," akasema. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Kisha akamnyoshea Moraa mkono. Moraa akamwambia si lazima, anaweza kuacha sasa. Akasema, "Toboa." Mkono ulikuwa baridi kabisa. Niliushika ndani ya mikono yangu mpaka ukapata joto, ajuza wawili wa makabila mawili, na vile ngozi zetu zilivyokunjamana usingejua wa nani ni upi. Moraa akadunga kando ya kidole. Tone la kwanza akalipangusa. La pili likaingia kwenye kadi, na Mama Wycliffe akaiangalia hiyo kadi kwa muda mrefu. Majibu yake alipewa peke yake, Parklands, mlango umefungwa. Mimi siyaandiki hapa, na nyinyi pia msiyaulize.

Tulipokuwa tunakusanya vitu, Everlyne bado alikuwa amesimama pale pale karibu na mfuko. Hakuna aliyekuwa amemwambia abaki, hakuna aliyemwambia aende. Mama Wycliffe alisogea kitandani, akaingiza mkono wake ndani ya mkono wa ile jaketi, akautafuta mkono wa Trevor mpaka akaupata.

"Mama Trevor," akasema bila kugeuka. "Hizo dawa zake ni zipi?"

"Ziko chini kabisa, mama. Kwa mfuko."

"Lete nizione."

Everlyne akapiga magoti akafungua zipu. Dawa alikuwa amezipakia kwanza zisivunjike, kwa hivyo ilibidi atoe vitu vingine vyote: sweta za mtoto, blanketi, gauni lake la kanisa, sufuria ndogo, moja moja, akavirundika kitandani miguuni mwa Trevor. Wycliffe akasimama akaanza kupokea. Mwisho akatoa zile chupa, na ile ya vidonge vidogo vya manjano.

"Ya asubuhi ni gani?" Mama Wycliffe akauliza. "Na ya jioni? Nionyeshe vizuri, macho yangu si kama yako. Jumatatu ukienda kazi, ni mimi nitampa."